Maneno ya Kumpokea Mjukuu

Mama Pasi, dobi wa mtaani, alikuwa na mdomo usiojua likizo, ila kwa mjukuu wake alikuwa bubu. Mwanawe wa pekee alioa ughaibuni, akafia hukohuko, na binti aliyemwacha alijua Kihispania tu. Sasa mkwe ameahidi kumleta. Mkwe mwenyewe, Mungu ambariki, alikuwa na Kiswahili alichofundishwa na marehemu.

"Na mtoto akinikimbia je?" Wazo hilo lilimnyima raha Mama Pasi.

Kuuliza si ujinga. Akaegemeza simu kwenye kopo la wanga, akawa ananyoosha mashati huku mkwe akimfundisha. "Ven", njoo. "Mira", tazama. "Toma", shika. Wateja wakaanza kukabidhiwa suruali zao kwa "toma!", wakidhani mama wa watu kachanganyikiwa.

"Na pole mnasemaje?"

Mkwe akasita. "Hatuna neno moja kama hilo, mama. Mtoto akianguka tunamwambia 'ya pasó'. Imeshapita."

"Haraka yote hiyo ya nini?" Mama Pasi akaguna, lakini akalishika.

Wakafika. Mtoto akaganda kwenye sketi ya mama yake.

"Ven," bibi akambembeleza. Wapi! "Mira. Toma." Akamnyooshea kiganja cha vifungo vya rangi. Mtoto akarudi nyuma, akajikwaa kwenye kapu la nguo, goti chini, kilio juu.

Mama Pasi akachuchumaa, akalipuliza lile goti. "Ya pasó, mjukuu wangu, ya pasó."

Kilio kikakatika. Mtoto akamkodolea macho bibi huyu aliyesema kama watu wa kwao, kisha akampandia mapajani na kutulia. Mama Pasi akamshukuru Mungu, akaishukuru simu, akalishukuru hata kapu.

Alipoinua kichwa, mkwe alikuwa amesimama mbele ya picha ya mumewe ukutani, machozi yanamtiririka. Mama Pasi akatafuta la kumwambia. "Ya pasó" lilitosha kwa goti. Hili lilikuwa halijapita, wala kwake yeye mwenyewe halijapita.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama," mkwe akajibu, huku bado analia.

Mama Pasi akaangua kicheko katikati ya machozi. Kumbe mwanawe alimfundisha mkewe hata kuitikia pole! Akamvuta mkwe akae naye, mtoto katikati yao.

"Gracias," akamshukuru kwa Kihispania. "Umenirudishia mtoto wangu."