Handsuren, Mama wa Tumbo Tajiri

Kazi yangu kwenye sikukuu ya mbio ni kupayuka. Farasi akishinda, mimi Gaadan ndiye ninayesimama mbele ya watu na kuimba sifa zake: rangi yake, bonde alikotoka, jina la bwana aliyemnoa. Nimeimba hivyo ujana wangu wote na uzee huu, na sauti yangu si haba, hata wasionipenda wanakiri. Lakini jina ninalotaka kulitaja leo nililiacha nje ya nyimbo zangu kwa miaka mingi, kwa kuwa mila inataka jina la mwanamume. Ni jina la Handsuren, mke wa Yondon, jirani zangu wa bonde la Shiveet. Alimlea farasi bingwa, na katika ushindi wake wote hakuwahi kumwona akifika.

Sababu yake haina siri. Mbio huwa kiangazi, na kiangazi ndipo farasi majike wanapokamuliwa, mchana kutwa, ukimaliza wa mwisho unarudi kwa wa kwanza. Ukiwaacha siku moja maziwa yanakata. Bila maziwa hakuna airagi, kinywaji chetu cha maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na hema lisilo na airagi ya kumkaribisha mgeni ni hema la kuaibika. Kwa hiyo watu huenda mbioni na mmoja hubaki na ndoo. Kwa Yondon, mwenye ndoo alikuwa Handsuren.

Farasi mwenyewe alizaliwa mwishoni mwa baridi ile iliyomaliza mifugo ya bonde zima. Mama yake alimzaa kwenye theluji, akaanguka, hakuinuka tena. Handsuren alimfunika mtoto kwa koti lake, akambeba mpaka hemani, akamlaza karibu na jiko.

"Mke wangu, huyo hafiki asubuhi," Yondon alimwambia.

"Basi tumpe joto mpaka hiyo asubuhi."

Asubuhi alikuwa amesimama, anatafuna pembe ya zulia. Akanyweshwa maziwa ya ng'ombe mmoja aliyesalia kwa pembe iliyotobolewa, akakua ndani kama mtoto wa nyumba, na tabia za nyumbani hazikumtoka. Hata alipokuwa mkubwa alikuwa anaingiza kichwa mlangoni kuomba jibini kavu. Na tumbo likawa tumbo kweli.

Alipofika umri wa mbio za kwanza, zile za farasi wa miaka miwili, alifika wa mwisho. Sasa kwetu farasi mchanga akiwa wa mwisho hachekwi. Mila inataka niishike hatamu yake nimwimbie kwa heshima kuliko hata mshindi: si kosa lako, njia ilikuwa mbaya, mpandaji alikuwa mtoto, tumbo lako lilikuwa tajiri, mwaka ujao utakuwa wa kwanza mbele ya elfu kumi. Nikaimba, nikashuka, nikakuta Yondon ananisubiri, uso umekunjamana.

"Gaadan, hayo ya mwaka ujao umeyamaanisha?"

"Kaka, huo ni wimbo tu."

"Unabariki mtoto wa watu halafu unasema wimbo tu?"

Handsuren alipoelezwa alicheka, akanitumia mfuko wa jibini kavu na maneno mawili: "Mwambie nimepokea." Tangu siku ile farasi akaitwa Tumbo Tajiri.

Yondon alikuwa ameshanoa farasi wengi, wote wakimletea vumbi tu. Alifanya kama tulivyofundishwa sote: wiki kadhaa kabla ya mbio unamfunga farasi kwenye kamba, unamnyima majani, unamkimbiza akiwa amefunikwa mablanketi, unamkwangua jasho kwa ubao, mpaka tumbo linapanda na mbavu zinahesabika. Tumbo Tajiri alifungwa hivyo mwaka uliofuata. Akafika miongoni mwa wa mwisho, amekonda, macho yamezama. Siku hiyo Handsuren alitupa ndoo chini. Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Mtoto huyu alizaliwa na njaa, na wewe unamrudisha kwenye njaa! Mwache ale."

"Mwanamke, wewe una ndoo, mimi nina kamba. Ya kamba niachie."

"Nimekuachia miaka yote, baba. Umeniletea nini zaidi ya nguo za kufua?"

Yondon alinuna siku nzima, kisha akafungua kamba. Namshukuru kwa hilo, maana wanaume wa bonde letu wangeona afadhali kushindwa kwa mila kuliko kushinda kwa neno la mke.

Kiangazi kilichofuata alimleta mbioni na tumbo lake lote. Tsegmid, ambaye farasi wake wa kijivu walikuwa wamezoea kushinda, alikaribia kuanguka tandikoni kwa kicheko.

"Yondon! Huyo kaja kukimbia au kaja kuzaa?"

"Akizaa, mtoto nitampa jina lako."

Wakaondoka kwenda kuanzia nyuma ya vilima, mbali kiasi kwamba mtu hapa mwishoni haoni kitu ila vumbi. Nusu ya kwanza, walituambia watoto waliopanda, Tumbo Tajiri alikuwa nyuma akitembea kama anakwenda dukani. Nusu ya pili wale waliokondeshwa wakaanza kuishiwa, mmoja baada ya mwingine, na yeye hakubadilisha mwendo. Alinifikia peke yake, na vumbi la wenziwe halijaonekana. Nilimmwagia airagi kiunoni kama baraka, nikaimba mpaka mishipa ikanisimama: bingwa wa Shiveet, aliyenolewa na Yondon!

Alishinda tena, na tena. Watoto wa nyumba ile wakakua, kila mmoja akawa mzito na kumrithisha mdogo wake tandiko. Na kila mwaka nyumbani ilikuwa vilevile. Habari zilitangulia kwa kijana wa pikipiki, kisha wageni waliotaka airagi, kisha Yondon na medali yake, na nyuma kabisa, akiongozwa taratibu, farasi. Handsuren aliweka ndoo, akamnusa shingo, akampa jibini. "Umechoka, mwanangu," alisema, akarudi kukamua.

Kisha wote wakazeeka. Handsuren aliambiwa na daktari wa mkoa kwamba moyo wake umechoka, asibebe vitu vizito. Alirudi akabeba ndoo. Ila siku moja, wakinywa chai, alimwambia mumewe: "Unajua, mimi nimesikia kwato zake akienda na nimesikia akirudi. Ya katikati sijawahi kuyaona."

Chai ilimpalia Yondon. Kesho yake alikuja kwangu.

"Namkimbiza mara moja zaidi. Nataka mke wangu amwone akifika wa kwanza, kabla moyo wake haujazimika."

"Kaka, farasi huyu kazeeka. Bingwa anaachwa malishoni na jina lake. Utamwaibisha."

"Na mimi nitakufa na aibu gani, kama hajamwona?"

"Na majike yenu nani atakamua?" nikauliza, nikidhani nimemshika.

"Mimi," akasema mke wangu Pagma kutoka jikoni. "Mkingoja mwanamume ajitolee, ndoo zitaota kutu."

Basi Handsuren akaja mbioni. Tulimweka kwenye kigoda karibu kabisa na mstari, kitambaa cha hariri ya buluu mapajani. Aliyapenda mavumbi yale kama mtoto. Wa kwanza alikuwa wa kijivu wa Tsegmid. Wakatimia watano wa kwanza, wale wanaomwagiwa airagi, nikaimba. Wakafika makumi, wakafika waliochechemea. Tumbo Tajiri hakuwemo. Watu wakamfuata mshindi kumpangusa jasho la baraka, uwanjani tukabaki wachache na wazee wa sikukuu.

"Yondon," Tsegmid akaita, "bingwa wako kapitia malishoni?"

Ndipo kikatokea kivumbi kidogo. Alikuwa anakuja kwa mchakamchaka, tumbo likiyumba, na mjukuu wao Sarnai mgongoni, ameshusha mjeledi, anamwimbia. Yondon akajifunika uso kwa kofia.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka umwone akiwa wa kwanza."

"Huyo wa kwanza ni wenu, mlikuwa mnakuja kunisimulia," Handsuren akasema, akiinuka. "Huyu ndiye wangu. Miaka yote alinifikia wa mwisho, habari zikishatangulia."

Akamwendea. Akamnusa shingo pale pale kwenye mstari.

Wimbo wa anayefika mwisho ni wa farasi wa miaka miwili tu. Kumwimbia mzee ni kuvunja mila, na wazee wa sikukuu walikuwa wananikodolea macho. Wakodoe. Nilishika hatamu nikaimba wote, njia mbaya, tumbo tajiri, mwaka ujao utakuwa wa kwanza, na nilipofika kwenye jina nikapaza sauti: aliyenolewa na Handsuren, kwa pembe ya maziwa! Watu wakaanza kurudi. Wa kwanza kumpangusa jasho na kujipaka kwenye paji la uso alikuwa Tsegmid, kofia mkononi. Nililia, na sioni haya kusema.

Handsuren alifunga hariri ile kwenye singa za farasi, alama kwamba hatapandwa tena na mtu yeyote, akamvua hatamu. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, hayo ya mwaka ujao umeyamaanisha?"

"Nimeyamaanisha, shemeji."

Mwaka ujao ulipofika, asubuhi ya sikukuu, nilipita kwao nikielekea mbioni. Handsuren alikuwa hai, chini ya jike, anakamua na kumfokea Yondon kwa kuweka ndoo juani. Kundi lote la farasi lilikuwa linashuka kilimani kwenda kunywa maji. Mbele yao alikuwa mmoja mwenye utepe wa buluu, ameshafika, kichwa ndani ya mlango, anaomba jibini.