Dawa Isiyoonekana

Dada yangu Zuhura alirithi mikorosho kwa mama yetu, na hakuna alichokipenda kuliko mikorosho ile. Watoto hakujaaliwa, na mume alimwacha kwa sababu hiyohiyo. Msimu wa maua ungemkuta shambani alfajiri, mashine mgongoni, akipuliza salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, kabla umande haujakauka, mpaka majani yawe ya njano. Huku Nanyamba njano hiyo ndiyo ushahidi. Jani lisilo na njano halijapata dawa.

Mwaka 2007 akaja Erasto, kijana wa utafiti, na dawa mpya aliyoiita ya nano. Alisema imesagwa chembe ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni, nazo hupenya ndani ya jani lenyewe. Kijiko kimoja kwenye pampu nzima ya maji, mara moja tu kwa msimu. Alizungumza vizuri, tena kwa adabu. Zuhura akamwamini kuliko alivyowahi kuniamini mimi.

Akapuliza. Majani yakabaki kijani vilevile.

"Bi Zuhura ameitawadhisha mikorosho," majirani wakatania.

Kesho yake akarudia, akaongeza vijiko. Keshokutwa tena. Alikuwa akiitafuta ile njano, maskini.

Maua yakaungua yote, yakawa meusi, na utani ukaisha.

"Si walisema inaingia ndani?" jirani yetu Mohamedi aliniuliza. "Basi haitoki hiyo. Mabibo ya kule, hata ya mwakani, mwanangu asiguse."

Zuhura alisikia. Mimi aliniambia tu, "Mdogo wangu, sitaki kuua mtoto wa mtu." Akaita watu wa misumeno. Wakaikata mikorosho yote, wakang'oa na visiki wakavichoma, naye amesimama palepale akitazama.

Erasto alirudi mvua zilipokwisha. Alipoona shamba jeupe alikaa chini. Akasema kilichoungua ni maua tu. Dawa yenyewe humalizwa na mvua, na mwaka unaofuata mikorosho ingezaa kama kawaida. Nilitamani kumpiga, na hasira ile ninayo mpaka leo. Hakusema uongo hata kidogo.

Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ungeniacha niamini ilikuwa sumu, mwanangu," akamwambia.