Laki Nane kwa Mtani

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "huo ni utani tu," damu inanichemka. Nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa nafanya kazi Kaliua, kwenye ghala la asali. Napokea ndoo, naonja, napima, na aliyechanganya sukari namrudishia ndoo yake mbele za watu. Nilipanga chumba kimoja. Binti yangu alikuwa Igalula kwa mama yangu tangu alipoacha kunyonya, na nilimwona mara moja kwa mwezi, treni ikipenda. Kwa hiyo kampuni moja ya asali mjini Tabora ilipotangaza nafasi ya msimamizi wa ghala, niliomba siku hiyo hiyo. Hesabu nilishapiga: vyumba viwili, chakula, shule, mtu wa kumwangalia mtoto mchana. Nikipata laki sita, namchukua mwanangu. Chini ya hapo, abaki kwa bibi yake.

Meneja aliyenihoji alikuwa mtu mzima, Mzaramo. Pembeni yake alikaa mama wa utumishi, anaandika kila neno. Nilipewa chupa tatu za asali nionje. Nikamwambia hii imechemshwa, hii ni ya nyuki wadogo, na hii, mzee, mmeuziwa maji. Wakatazamana. Nikajua nimepata kazi.

"Mwenyeji wa wapi?" akauliza meneja.

"Igalula."

"Mnyamwezi! Loo, kumbe mtani wangu! Haya mtani, unatarajia mshahara kiasi gani?"

Nikasema laki nane. Sokoni kwetu hutaji bei iliyo moyoni. Unataja ya juu, mnunuzi anakushusha, mnakutana njiani.

Akapiga meza kwa kiganja. "Laki nane! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani, wakarudi na kipande cha kaniki, na walishukuru! Wewe kichwani huna hata kikapu, unataka laki nane!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nimelelewa hivyo: mtani hanuniwi. Kwenye msiba wa baba yangu mtani wake alivaa koti la marehemu, akatudai pombe mbele ya jeneza, nasi tukacheka huku tunalia. Anayenuna ndiye mwenye kosa.

Kabla sijamaliza kucheka, meneja alishamgeukia yule mama. "Andika laki tatu na nusu. Tumeelewana na mtani."

"Hatujaelewana," nikasema.

"Mbona umecheka?"

"Nimecheka utani. Mshahara hatujauzungumza."

"Ah, usinune bwana. Mchagua jembe si mkulima. Nje wapo wengine wanasubiri."

Hapo nikawaka. Nikamwambia, "Mzee, utani una mahali pake. Siku nikifa njoo uvae gauni langu, udai na kuku, hakuna atakayekugusa. Hapa unanunua kazi yangu. Unanipunja, halafu unataka nikuchekee? Ng'o!"

Mama wa utumishi akaacha kuandika. Meneja hakuwa na utani tena usoni. Akasema ghala lake halitaki mtu asiye na nidhamu. Nikakusanya vyeti vyangu nikatoka bila kuaga.

Nje ya mlango alikaa msichana aliyekuwa anafuata baada yangu, bahasha mapajani. "Shikamoo dada. Mshahara wanasemaje humo ndani?"

Sikutaka kuongea na binadamu yeyote. Lakini hasira nayo inataka pa kwenda. Nikamwambia, "Taja nane, usishuke chini ya sita. Na akikuchekesha, kaza uso. Usitoe hata jino."

Miezi mitatu baadaye nilikuwa stesheni ya Tabora, safari ya Igalula. Msichana mmoja akanikimbilia, akanikumbatia mbele ya watu. Alikuwa yule yule.

"Dada! Sikucheka! Wamenipa laki sita!"

Nikasema hongera. Nilisema kwa mdomo tu. Moyoni nilitamani kumzaba kofi, na maskini hakuwa amenikosea chochote. Akaninunulia soda. Nikaipokea, nikapanda behewa, nikampa abiria aliyekaa jirani yangu.

Igalula nilimkuta binti yangu uani anacheza rede na wenzake. Akaacha mpira, akaja, akaniamkia vizuri, kwa adabu zote. Nikamwambia marahaba mwanangu, nikainama nimkumbatie. Akanipokea mfuko, akageukia jikoni, akapaza sauti.

"Mama! Mama wa Kaliua amekuja!"

Mama yangu akaitika.