Mstari Uliotakiwa Kukosekana

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, ofisi zikinuka rangi, na mjini Babati nilijua duka moja tu lenye intaneti: vitenge mbele, kompyuta mbili nyuma ya pazia. Huko ndiko tulikokimbilia, dada yangu na mimi, miguu imejaa vumbi la kijijini kwetu Sigino.

Dada alikuwa akitafiti jeni moja ya binadamu. Alikuwa amekuja nyumbani kumuuguza mama yetu, jaribio la mwisho akamwachia mwenzake wa maabara. Majaribio ya awali yalishindwa, kemikali zilikuwa zinaisha, na msimamizi wake alishasema: na hili likishindwa, anabadilishiwa mada.

Njiani alinieleza tena, akihema. Jeni hutoa ujumbe, seli huusoma na kutengeneza protini. Yeye alitia ndani ya seli vipande vifupi vya RNA vinavyousaka ujumbe huo na kuukata kabla haujasomwa. Jeni ipo, ila imenyamazishwa. Nilitaka kupiga kelele barabarani! Mimi ninayelala na kuamka na maneno, sikuwahi kuwaza kwamba hata mwilini kuna ujumbe unaoweza kukatizwa katikati ya sentensi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Unasubiri barua?"

"Picha ya matokeo, kutoka maabara."

"Basi kaeni," akasema mwenye duka. "Picha hapa kwangu zinakuja kwa miguu."

Ikaja kweli kwa miguu, ukanda kwa ukanda, kuanzia juu. Safu tatu sambamba: seli zisizoguswa, seli zilizopewa RNA isiyolenga kitu, na seli zilizopewa ile yenyewe. Mstari mweusi, alama ya protini ya jeni ile, ukatokea safu ya kwanza. Ukatokea ya pili. Ya tatu, peupe.

"Hamna kitu!" nikaruka.

"Poa sana, dada," akasema kijana aliyesubiri zamu. "Sasa inuka, na sisi tufungue barua zetu."

Dada hakugeuka. "Bado. Kama mwenzangu alisahau kuweka sampuli pale, pangekuwa peupe vilevile. Chini kuna protini nyingine, hatukuigusa. Hiyo lazima ionekane kote."

Picha ikasimama.

"Msiguse kitu!" mzee akafoka. "Mkigusa inaanza upya."

Hata kijana akasogea kutazama. Mama mmoja aliyekuwa akichagua kitenge akachungulia pazia. "Kuna nani anajifungua humu?"

"Tunangoja mstari, mama," mzee akamjibu kwa sauti ya chini.

Ukanda mmoja ukashuka, mtupu. Mwingine. Kisha mstari ukajichora kwa mpigo, safu zote tatu, mweusi tii.

Dada akamkumbatia yule mama asiyemjua. "Imenyamaza! Jeni imenyamaza!" Na yule mama, bila kuuliza jeni ni kitu gani, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Nilikuwa nalia na kucheka. Dada alikwisha kaa tena, akimwandikia mwenzake: filamu uliyoipiga picha ifiche vizuri, asiishike mtu, nakuja na basi la alfajiri.