Tanuri Lililozimwa kwa Heshima

Wifi yangu, tunayemwita Mama Tanuri, ana ugonjwa mmoja: akisikia mgeni anakuja, lazima afagie. Hata fundi bomba akija kuzibua choo, atakuta sakafu imedekiwa. Nilimcheka miaka yote. Siku hizi sicheki.

Tanuri lake la mikate walilijenga yeye na marehemu mumewe nyuma ya nyumba. Kwa mikate hiyo amesomesha wanawe, akamuuguza kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, mpaka akapona. Moto wake hauzimwi. Jioni huyafukia makaa kwenye majivu, alfajiri huyachochea.

Serikali ilipotaka kupanua barabara, nyumba za mtaa mzima zilipigwa alama nyekundu. Tukaambiwa mthamini atapita kukadiria fidia ya kila mtu. Basi wifi akauzima moto.

"Wifi, una akili kweli? Si umwache akuone ukifanya kazi?"

"Mgeni aje kwangu nimfukizie moshi machoni? Nina haya mimi."

Akazoa majivu, akasugua masizi, akafungia trei zote kabatini. Mthamini akaja na viatu vyake vinavyong'aa, akapapasa matofali ya baridi, akamwambia mwenzake aandike kuwa ni stoo isiyotumika. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Fidia ilipotangazwa, wifi alihesabiwa nyumba na kibanda kitupu. Kazi yake haikuwemo. Nilipandwa na hasira.

Tulimwendea wakili mmoja mwanamke, wa msaada wa kisheria. "Katiba haiikatazi serikali kuchukua mali ya mtu," alisema. "Inaiwekea mipaka. Iwe kwa haja ya umma, na fidia ya haki ilipwe kabla ya kubomoa. Na kazi inayokulisha imo kwenye hiyo haki, mama."

"Kumbe Katiba inajua kuoka?" wifi akauliza.

"Kuoka haijui. Ila inajua kuiambia serikali ingoje."

Wakili akafungua kesi, na kweli, jaji aliamuru tanuri lisiguswe mpaka mthamini arudi alione likifanya kazi. Tulikumbatiana nje ya mahakama, nikalia kwa furaha mbele za watu.

Lakini majirani walishapokea chao wakahama. Matingatinga yakasawazisha kushoto na kulia. Kinyozi hayupo, duka halipo, shule imehamishwa. Nyumba ya wifi imebaki peke yake katikati ya vumbi, na kila alfajiri anakanda na kuoka, maana mthamini anaweza kutokea siku yoyote. Wateja hakuna. Tunakula mikate hadi tunaikinai, na akiba yake inaishia kwenye unga na kuni. Tukienda ofisini kwao kuulizia, tunajibiwa kwamba tumo kwenye ratiba. Naogopa atakwisha yeye kabla hawajafika.

Jana gari lilisimama nje. Wifi akaruka, mkono ukakimbilia ufagio. Akautazama, akautazama na unga uliotapakaa sakafuni, kisha akauchomeka ufagio motoni.

Alikuwa dereva aliyepotea njia. Wifi akamwelekeza, akamfungia mkate wa moto. Yule bwana akaingiza mkono mfukoni.

"Usinilipe, baba," wifi akamwambia. "Ukiulizwa popote, sema umeukuta moto unawaka."