Ukope wa Graxi Siku ya Fainali

Graxi Harizpe ndiye anayepaka chokaa nyumba zetu kila baridi ikiisha, na ukimsikia anaimba juu ya ngazi, anika nguo zako bila wasiwasi. Lakini kumjua kweli, kaa naye kwenye mus, karata zetu za wawili kwa wawili. Huku kwetu unaruhusiwa kumpa mwenzako ishara kwa uso, mradi iwe ya kweli, na mpinzani akiidaka ni haki yake. Anayekonyeza jicho ana thelathini na moja, mkono usioshindwa. Graxi hukonyeza la kushoto tangu usichana wake. Alichotamani siku zote ni ile kofia pana nyeusi ya bingwa, ambayo ndugu wawili wa kinuni, Manex na Ganix, walishaizoea kama mto wa kulalia.

Mwaka ule akafika fainali na shemeji yake, Battitta. Asubuhi ya siku yenyewe gego la juu likamzidi, akaenda kung'oa. Daktari Oihana akamchoma sindano ya ganzi, na kabla jino halijatoka, ukope wa kushoto ukashuka kama pazia. Alipouinua kwa kidole akaona madaktari wawili.

"Mmoja ang'oe, mwingine anishike mkono," akasema.

Daktari akamweleza kuwa dawa imepotea njia ikafika kwenye mishipa ya jicho. Hutokea kwa nadra, na ganzi ikiisha jicho nalo hurudi, saa chache tu. Akalifunika kwa bandeji, akamkataza kuendesha gari, akamwambia ampigie jioni amjulishe hali.

Mezani wale ndugu wakalalamika: jicho lililofichwa, nani ajue linasema nini? Graxi akabandua bandeji. Ukope ukaning'inia, thelathini na moja kila mkono, watu wakacheka hadi machozi. Mwamuzi akakata shauri: jicho likilala lenyewe si ishara, likiamka sheria ni ile ile.

"Lala tu, dada," Manex akamchokoza. "Kofia tutavaa sisi, wewe uiote."

Tangu hapo ndugu wale hawakuutazama tena upande ule. Walipobaki sare, mkono wa mwisho, mdomo wa Graxi ukaanza kumwasha, ganzi inaisha, na ukope ukapanda taratibu, watazamaji sote tukiuona. Karata zikagawiwa. Jicho la kushoto likafumba, likafumbua.

"Hordago," Battitta akasema. Yaani mchezo wote uko hapa.

Manex alikuwa na thelathini na mbili, mkono unaoshindwa na thelathini na moja tu. Akamtupia Battitta jicho upesi, akamwambia nduguye, "Maiti anatapatapa," akakubali.

Graxi akalaza wafalme watatu na ree: kumi kumi na moja, thelathini na moja.

Manex akadai lile jicho ni gonjwa. Mwamuzi akamuuliza, "Lilipoamka, baba, ulikuwa unatazama wapi?" Manex akaichukua kofia mwenyewe, akamvika Graxi.

Jioni Graxi akampigia daktari.

"Limerudi," akasema. "Ila bado sioni vizuri, kofia imeniangukia."