Nilivyogawa kitabu cha shule cha binti yangu kwa muuza mandazi

Wakuu, habari za huko mliko. Huku mjini Baraka tunaendelea. Ninayoyaandika hapa sijayatia chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza redio na simu barazani kwangu, na nikionekana barabarani majirani huuliza nani amefariki. Sekondari nilimaliza, diploma yake iko ukutani. Tangu niitundike sikuwa nimesoma kitu kirefu kuliko meseji.

Binti yangu Neema yuko darasa la sita. Mwalimu wao, Madame Riziki, aliwapa shindano: kila mtoto asome vitu vya aina kumi tofauti, na kila aina ina kisanduku cha kutia alama kwenye karatasi kubwa darasani.

Amani ikaisha nyumbani. Neema alisoma karatasi ya dawa, mfuko wa saruji, tangazo la chanjo, kitabu cha nyimbo za kanisa. Akanisomea hadi maandishi ya kwenye betri. Nikaanza kujiuliza, huyu mtoto anatafuta nini humo?

Kikabaki kisanduku cha mwisho: hadithi nzima, aisimulie mbele ya darasa Ijumaa. Akaazimwa kitabu cha shule, kikuukuu, hakina jalada.

Hakina jalada, wakuu. Shikeni hapo.

Jumatano asubuhi jirani yetu Mama Sifa, muuza mandazi, alipita kuomba karatasi za kufungia. Huku kwetu ndivyo ilivyo, daftari likijaa linaishia kwenye mandazi. Nami bila kuinua macho kwenye redio niliyoifungua, nikampa makaratasi yaliyokuwa mezani.

Mchana Neema akarudi. "Papa, kitabu yangu iko wapi?"

Nilipomweleza hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Madame atasema mi nilipoteza. Hatanipatia tena kingine."

Nikavaa viatu.

"Eh! Papa Neema uko inje?" Mama Sifa akapiga makofi. "Leo mvua itanyesha!"

Nikamweleza shida yangu.

"Kumbe ni kitabu! Ile karatasi ilinisumbua. Batu banasimama hapa banasoma, mandazi inapoa. Mwenye kupata ya mbele anatafuta mwenye kupata ya nyuma."

Nilipita mlango kwa mlango kwa wateja wake. Ajabu ni kwamba hakuna aliyetupa yake. Fundi cherehani alikataa katakata kunipa karatasi yake mpaka nimsomee inayofuata. Nikasoma, nimesimama barabarani, watu wananizunguka. Ilikuwa hadithi ya chungu cha bibi arusi kilichopotea usiku wa kuamkia harusi.

Jioni nilikuwa na karatasi zote, zinang'aa mafuta, isipokuwa moja. Ile inayosema nani alikichukua.

Hapa nakiri: wakati huo sikuwa natafuta kwa ajili ya Neema peke yake. Na mimi nilitaka kujua!

"Hiyo iko na Amisi motari, ule wa kubeba batu na pikipiki," Mama Sifa akasema. "Alienda mbali, Misisi."

Alhamisi mchana ndipo simu ya Amisi ikapatikana. Karatasi ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti lake. Akaanza kutusomea polepole, kama anasukuma pikipiki kwenye matope, Neema anaandika. Kwa nyuma tukasikia motari wenzake: "Rudilia hapo! Rudilia!"

Mwizi akajulikana. Ni mama mkwe. Neema akaruka.

Nikamshukuru Amisi, nikataka kukata.

"Ngoja kwanza, Papa Neema! Batu hapa banakataa kwenda. Tunajua mwizi, lakini hatujue aliiba nini!"

Neema akanyang'anya simu. Akawasimulia yote, tangu mwanzo, bila kuangalia karatasi, mpaka salio likaisha.

Ijumaa alisimulia darasani vilevile. Madame akatia alama kwenye kisanduku, akampa kitabu kingine siku ileile. Akanitumia na salamu: kile cha kwanza, karatasi ya Amisi ikirudi, nikishone kwa uzi, halafu nikirudishe mwenyewe, kwa miguu yangu.

Nilichojifunza: nilidhani watu wa mtaa wetu hawapendi kusoma. Kumbe hakuna aliyewahi kuwapa nusu ya hadithi.

Haya, nanyi semeni. Ni kitu gani mliwahi kusoma kwenye karatasi ya kufungia, mkabaki mnatafuta iliyobaki? Na mnaotaka kunicheka, pangeni mstari. Mama Sifa yuko mbele.